UZI: Giza la miezi mitatu lilimuua aliyewasha jenereta, sio aliyefunga mlango. Bishaneni

#1 Karani wa Darajani
Assalamu alaykum wanabaraza. Natupa hoja, anayeweza aivunje.

Biashara ikipigwa na janga zito, kosa la kwanza la mkubwa wake ni kutaka mambo yaonekane ya kawaida. Chukueni giza la Unguja: umeme wa kutoka bara ulikatika tarehe 10 Disemba 2009, ukarudi Machi 2010. Msimu wa wageni umekolea, mafriza yamejaa. Kila duka likakimbilia jenereta.

Piga hesabu hiyo kwa bei za leo. Jenereta ya 20 kVA (kipimo cha nguvu ya jenereta) ikibeba nusu ya mzigo hunywa kama lita 3 kwa saa. Saa 10 kwa siku ni lita 30, mwezi lita 900. Tuseme dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita, hapo ni 2,700,000. Duka lenye faida ghafi ya milioni 4 kwa mwezi, mishahara na kodi milioni 2.5, linabakiwa na milioni 1.5. Ukitoa dizeli umezama 1,200,000 kila mwezi, na oili na filta bado hujazigusa. Miezi mitatu umekula 3,600,000 za mtaji ili wapita njia waseme "fulani yuko wazi".

Nasema hivi: uza kilichomo kwenye friza siku mbili za mwanzo hata kwa bei ya kununulia, funga upande wa baridi, baki na bidhaa kavu na taa ya chemli. Anayejua kujikunja ndiye anayevuka.

#2 Ng'ambo77
Sheikh wangu, hilo la miezi mitatu lilikuwa 2008. Usitubabaishe na tarehe.

#3 Mtu wa Wete
@Ng'ambo77 umechanganya magiza. La 2008 lilianza Mei likaisha Juni, kama mwezi mmoja. La miezi mitatu ni hilo alilosema Karani.

Na mimi namsifu Karani kwa kusema "giza la Unguja". Magazeti yaliandika Zanzibar nzima imo gizani, ilhali Pemba haikuwemo kwenye waya ule wa baharini unaoingilia Fumba, Unguja. Huku tulikuwa na mitambo ya dizeli ya Wesha mpaka ulipokuja waya wa Tanga mwaka 2010. Yaani mnachokiita janga, huku ndio ilikuwa Jumatatu ya kawaida.

#4 Ng'ambo77
😂😂 Nimekoma.

#5 Fundi wa Saateni
Karani, umeikamata jenereta kwa kosa la mwenye duka. Tatizo la mashine nyingi zilizonunuliwa kwa pupa ni ukubwa.

Duka la mafriza manne, feni mbili, taa na kompyuta halifiki kilowati 4. Ukalifungia 20 kVA (kilowati 16), mashine inafanya kazi kwa robo ya uwezo wake. Mashine ya dizeli ikikaa chini ya theluthi ya mzigo kwa muda mrefu haipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui yote, bomba la moshi linatoka utomvu mweusi, nozeli zinaziba. Watu husema "jenereta mbovu ya Kichina". Hapana, mashine imenyimwa kazi.

Mzigo huo unataka 7.5 kVA. Hunywa kama lita 1.5 kwa saa. Kwa saa 10 ni lita 15, mwezi 450, kwa bei yako ni 1,350,000. Unabakiwa na 150,000, hujazama. Tena friza halihitaji saa 10. Likijaa na lisifunguliwe linashika baridi kama saa 48, likiwa nusu ni kama saa 24. Unganisha mafriza mawili yaliyo nusu yawe moja, nafasi zinazobaki tia chupa za maji yagande, washa kwa muda wa saa tatu asubuhi na muda wa saa tatu jioni. Lita 9 kwa siku, 810,000 kwa mwezi. Hesabu yako ya kuzama imekufa.

Mengine yanayoua mashine:

Mafriza yote kuwaka pamoja. Kompresa wakati wa kuanza huvuta mara 3 hadi 5 ya umeme wake wa kawaida. Washa moja, subiri dakika mbili, ndipo la pili.

Oili. Mashine nyingi za dizeli zinataka oili mpya kila saa 250 za kazi. Kwa saa 10 kwa siku hiyo ni siku ya 25. Anayewasha mchana na usiku anafika huko siku ya 10 bila ya kujijua. Bandika karatasi mashineni, andika saa kila unapozima.

Na swichi ya kuchagua baina ya waya wa serikali na jenereta ni lazima. Ukichomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani umeme unatoka nje mpaka kwenye nguzo, na fundi aliyepanda kule anajua umezimwa. Hilo ni kuua mtu.

#6 Karani wa Darajani
@Fundi hesabu nimeikubali. Sasa nijibu: wiki ya kwanza ya janga, mji mzima unatafuta 7.5 kVA, unaipata wapi? Iliyobaki dukani ni ile 20, na bei imepanda. Uliyonayo ndiyo utakayowasha. Hoja yangu imekonda lakini iko hai.

#7 Shoga wa Kikwajuni
Nyinyi mnabishana lita, mie naona wote mmeanzia katikati. Kabla ya kuwasha au kuzima kitu, mkubwa wa biashara ajue ana siku ngapi za pumzi. Fedha iliyopo gawa kwa matumizi ya siku. Basi.

Nyumba ya wageni ya vyumba 12. Kwa mwezi: mishahara 6,000,000, kodi 2,500,000, umeme na maji na intaneti 700,000, marejesho ya benki 1,800,000. Jumla milioni 11. Benki mna 22,000,000. Mna miezi miwili, siku 60, na wageni hakuna.

Sasa punguza kwa mazungumzo. Zamu za nusu mwezi, mishahara 3,000,000. Mwenye nyumba akubali nusu sasa na nusu iandikwe deni, 1,250,000. Huduma kwa kufunga ghorofa ya juu, 350,000. Benki wakubali faida tu bila ya mtaji, 600,000. Jumla 5,200,000. Pumzi inakuwa zaidi ya miezi 4, kama siku 127. Hapo hujauza hata kijiko.

Halafu chora jedwali la wiki 13. Juu wiki, chini kinachoingia na kinachotoka kwa tarehe ya kulipwa kweli, sio tarehe ya ankara. Kila Jumamosi futa wiki iliyopita, ongeza moja mbele. Wiki ambayo salio linakwenda chini ya sifuri utaiona miezi miwili kabla haijafika, na mazungumzo ya miezi miwili kabla ni tofauti kabisa na mazungumzo ya jana usiku.

Mnakumbuka idadi ya wageni: 2019 walikuwa zaidi ya 538,000, mwaka 2020 wa korona wakashuka kufika kama 260,000. Mwezi Aprili na Mei mahoteli yamezoea kufunga kwa masika, kwa hiyo mwenye hesabu ya msimu mbaya mkononi alikuwa na pa kuanzia. Asiyekuwa nayo ndiye aliyekuwa akiuliza "lini ndege zitarudi?" kana kwamba jibu lingemlipia kodi.

#8 Mkaguzi Mkimya
Bi Kikwajuni, hesabu nzuri, ila milioni 22 sio zote zenu. Ndani yake mna amana za wageni waliolipia Julai na Agosti. Tuseme 7,000,000. Hizo ni deni, mgeni akivunja safari zinarudi. Fedha halisi ni 15,000,000. Kwa matumizi ya kawaida ni siku 41, kwa matumizi yaliyokunjwa ni siku 86. Tofauti ya 127 na 86 ndiyo inayowaangusha wengi mwezi wa tatu, na hawajui walianguka lini.

Amana ikae kwenye akaunti yake. Na ombi la kwanza kwa mgeni liwe kuhamisha tarehe badala ya kurudishiwa. Barua iseme vitu vitatu waziwazi: chumba gani, bei ile ile mpaka lini, na mwisho wa kuitumia. Barua ya "tutawafahamisha" humfanya mgeni adai fedha yake siku hiyo hiyo.

#9 Shoga wa Kikwajuni
Umenishika. Nakubali, 86.

#10 Tanuri Moto
Wote mnasema kunja, kunja. Kuna biashara haikunjiki. Boflo, mkate wetu wa asubuhi! Mtu asiponunua leo amehama, kesho yuko kwa jirani.

Tanuri ya kuni au gesi haihitaji umeme mwingi. Kinachohitaji umeme ni mashine ya kukandia na taa. Gunia la kilo 50: maji lita 29 mpaka 30, hamira kavu gramu 500, chumvi gramu 900, sukari na mafuta kwa desturi ya tanuri yako. Unapata donge la kilo 82 hivi, mikate kama 200 ya donge la gramu 400. Mashine inazunguka dakika 12 mpaka 15 kwa gunia. Kwa magunia manne ni saa moja ya jenereta. Kwa hiyo panga kukanda kwote kuwe mfululizo, sio moja saa 8 usiku na jengine saa 11. Unga uliokandwa mwanzo ukitangulia kuumuka kwa joto letu, punguza hamira yake mpaka gramu 350 na tumia maji baridi.

Kinachoua tanuri ni unga kuchelewa. Boti na meli zikisimama kwa upepo au kwa ajali, gunia linakosekana siku nne tano. Akiba iwe ya siku 14: magunia manne kwa siku ni 56. Usipite hapo, unga wetu wa pwani unavuta unyevu na kuingia wadudu. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono, lililotangulia kuingia litangulie kutoka.

#11 Ng'ambo77
Tanuri Moto, usipite kimya kimya kwenye hesabu ya gramu 400. Boflo za siku hizi ukizishika zinataka kupaa na upepo wa kaskazi.

#12 Tanuri Moto
😂 Yakhe hilo ni la kweli na ni kosa la uongozi. Unga ukipanda wenye tanuri wana njia mbili: kupandisha bei au kupunguza donge. Wengi wanapunguza donge kimya kimya, gramu 400, 370, 340. Mnunuzi anaibeba boflo kila asubuhi kwa mkono ule ule, mkono wake ni mizani. Bei ikipanda atalalamika wiki moja. Donge likipungua atakuita mwizi, na jina hilo halishuki bei ya unga ikishuka.

#13 Binti wa Jambiani
Naona hakuna aliyetaja watu ila kama mstari wa mishahara. Nafikiri sababu ya kweli ya nani alivuka na nani alianguka ni nani alibaki na wanaoijua kazi.

Hoteli ikiwaachisha wote, milango ikifunguliwa tena mpishi yuko bara, fundi wa pampu ana bodaboda. Kabla ya kupunguza, andika majina na mbele ya kila jina kazi anayoijua peke yake. Anayejua mabomba yalipopita chini ya mchanga, anayejua nywila ya mfumo wa kuweka vyumba, anayeelewana na wavuvi. Hao wasitoke, hata kwa zamu ya siku 10 kwa mwezi. Wengine gawana zamu kwa usawa, na mwenye cheo akatwe asilimia kubwa kuliko mfagizi. Meneja asipokatwa, hotuba yake ya uvumilivu haina msikilizaji.

Makubaliano yawe ya maandishi: yanaanza lini, yanakwisha lini, michango ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar) inaendeleaje, na kwamba mshahara wa zamani unarudi kwa masharti gani. Neno la mdomo miezi minne baadaye linakuwa kesi kwenye ofisi ya kazi.

#14 Mkaguzi Mkimya
@13 naungana nawe ila ongeza hili: kubaki na watu wote kwa huruma, halafu mwezi wa tatu unawaachisha wote siku moja bila ya stahili zao, huo ni ukatili uliochelewa. Tenga fedha ya stahili tangu siku ya kwanza kwenye lile jedwali la wiki 13.

#15 Mtu wa Wete
Mmesoma janga la ghafla tu. Janga la polepole je? Karafuu haikuanguka usiku mmoja. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, kwa sigara zao za kretek zinazotiwa karafuu. Walipojitosheleza kwa mashamba yao wenyewe miaka ya 1980, bei ikaporomoka na sisi tulikuwa na mteja mmoja na zao moja. Hakuna jenereta wala jedwali linalotibu hilo. Sheria ni rahisi: mteja mmoja akifika nusu ya mauzo yako, janga limeshaanza, tarehe yake tu ndio haijatajwa.

#16 Binti wa Jambiani
Na mwani ni mfano wa pili. Aina ya cottonii, yenye bei nzuri, inashindwa kuota maji ya pwani yakipata joto, inashika weupe na kukatika. Wakulima wakabakia na aina ya spinosum ya bei ndogo. Waliopata nafuu ni wale walioanza kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani. Ila hapo kuna mtego: sabuni inataka soko la wageni, na wageni ndio waliokosekana 2020. Umebadilisha yai, kapu ni lile lile.

#17 Mtu wa Wete
Hapo umeniziba mdomo.

#18 Ustadh wa Malindi
Nimesoma yote. Mnasema fedha, mashine, watu, soko. Mimi nasema ni madeni na namna ya kusema na wenye deni.

Wagawe wanaokudai mafungu matatu. Fungu la kwanza ni anayeweza kukusimamisha kesho: muuza unga, mwenye nyumba, umeme. La pili ni mdogo asiyeweza kukufanya kitu lakini unamuumiza: mvuvi, muuza mboga, mama wa dobi. La tatu ni mwenye uwezo wa kungoja: benki, msambazaji mkubwa. Wafanyabiashara wengi hulipa anayepiga kelele zaidi, na anayepiga kelele zaidi mara nyingi ni fungu la tatu. Lipa la pili kikamilifu, maana 40,000 ya mvuvi ni chakula cha nyumba yake, na wewe utamhitaji wa kwanza mlango ukifunguliwa. La kwanza lipa sehemu bila ya kukosa tarehe. La tatu nenda mwenyewe kabla ya siku ya malipo, na karatasi mkononi: "badala ya 1,800,000 tutaleta 600,000 kila tarehe 5 kwa miezi mitatu, tarehe 5 ya mwezi wa nne tukutane." Benki inaogopa aliyezima simu kuliko aliyesema hana.

Na Mungu amesema mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike.

#19 Ng'ambo77
Al-Baqarah 280, ndiyo hiyo hiyo inayosema deni liandikwe.

#20 Ustadh wa Malindi
La. Ya kupewa muda ni 280. Ya kuandika na kuweka mashahidi ni 282. Na biashara za ndugu hapa kwetu zinaisoma ya kwanza, ya pili wanaificha. Kaka ametia milioni 5 wakati wa shida, hakuna aliyesema ni mkopo, ni hisa au ni sadaka. Biashara ikifufuka wanagombana kuliko ilivyokuwa inakufa.

#21 Ng'ambo77
Leo siku yangu mbaya. Tarehe nimekosea, aya nimekosea. Nabaki na boflo.

#22 Shoga wa Kikwajuni
Ya Ustadh ni kweli, nami naongeza kufuli. Janga likija, mara nyingi mwenye biashara mwenyewe ndiye anayeugua au kukwama safarini. Saini ya benki ni yake peke yake, namba ya siri ya fedha za simu anaijua yeye, funguo ya stoo iko mfukoni. Biashara nzima ina fedha na haiwezi kununua mkaa. Watu wawili wa kusaini, kiwango cha kila mmoja kiandikwe, na bahasha iliyofungwa kwa mtu wa tatu. Iwekwe mwezi wa neema, sio hospitalini.

Na kila asubuhi kikao cha dakika 15, kwa kusimama: jana ilitoka na kuingia ngapi, leo nani yuko wapi, kitu gani hatukijui bado. Hilo la tatu ndilo viongozi wanalolikwepa. Wafanyakazi wanavumilia "hatujui", hawavumilii ahadi ya Ijumaa iliyopita.

#23 Kipepeo wa Fumba
Bima je? Nashangaa mmefika #22 hakuna aliyeitaja.

#24 Mkaguzi Mkimya
Soma karatasi yako kwa utulivu. Bima za kusimama kwa kazi kwa kawaida hulipa pale kitu chako kilipoharibika kwanza: moto, mafuriko, paa kung'oka. Maradhi ya dunia nzima au waya wa serikali kukatika mara nyingi haumo. Ni nzuri kwa moto. Kwa magiza mnayoyazungumza, jedwali la wiki 13 ni bima ya bei nafuu zaidi.

#25 Karani wa Darajani
Basi nimeanzisha uzi wa jenereta, umeishia kwa Indonesia, sabuni na aya ya deni. Bado nashikilia: kunja mapema. Fundi anasema ukubwa wa mashine, Binti anasema watu, Ustadh madeni, Wete soko. Mtu mmoja asinichagulie, nitasoma tena kesho.

#26 Tanuri Moto
Na mimi bado nashikilia kwamba boflo haikunjiki.

#27 Ng'ambo77
Inakunjika, nimeiona jana. Fundi, swali la mwisho kabla sijalala: pipa la dizeli likiingia maji linafaa tena, au lote la kumwaga?

#28 Fundi wa Saateni
Linafaa. Liinamishe kidogo kwa kipande cha mbao upande mmoja, liache usiku kucha bila ya kuligusa. Maji ni mazito, yatakusanyika kwenye kona ya chini. Asubuhi teremsha pampu ya mkono mpaka kona hiyo, vuta kwenye chupa ya kioo. Ukiona mstari baina ya rangi mbili endelea kutoa, mstari ukipotea simama. Baada ya hapo, mdomo wa pampu ya kujazia mashine uwe sentimita 5 juu ya sakafu ya pipa, na dizeli ipite kwenye filta kabla ya kuingia tangini. Na mfuniko wa pipa usielekee juu kwenye mvua, maji yanasimama pale pembeni ya kizibo, pipa likipoa usiku linayavuta ndani.